“Dither” ni kusita tu, au kuna zaidi? Na kitufe cha “Dithering” kwenye programu ya picha?

Kalamu_Nyeusi

Wakuu, salaam. Naomba tulitazame kwa undani neno moja la Kiingereza, “dither”. Sentensi ninayoifasiri ni hii:

“The board dithered over the repairs until the rains came.”

Ni bodi ya maji, na matengenezo ni ya tuta la bwawa. Nina rasimu tatu:

a) Bodi ilisita kufanya matengenezo mpaka mvua zikaingia.
b) Bodi ilichelewesha matengenezo mpaka mvua zikaingia.
c) Bodi iliyapiga danadana matengenezo mpaka mvua zikaingia.

Zote naona zimepwaya, ila siwezi kueleza kila moja imepwaya wapi. La pili: nikitaka kulitumia mwenyewe kwa Kiingereza, linafuatwa na nini, “dither to”, “dither on” au “dither about”? La tatu: kwenye menyu ya programu ya kuchapisha picha kuna kitufe kimeandikwa “Dithering”. Humo “kusitasita” hakuingii kabisa. Ni neno lile lile?

---

Mwalimu_wa_Sarufi

Ndugu Kalamu, kila rasimu imepwaya mahali pake, na ukipajua umeshalielewa neno lenyewe.

“Ilisita kufanya” ni “hesitated to”. Kusita ni kwa mara moja: mtu amefika mlangoni, mkono umeinuka, unasimama hewani, kisha anabisha au anageuka zake. Hakuna aibu ndani yake. Pengine kuna busara. “Dither” ina mambo matatu ambayo kusita hakuna: kurudiarudia, muda unaopotea, na lawama ya anayesimulia. Bodi imekutana, imekubali, imerudi nyuma, imeagiza makadirio mengine, imekutana tena. Ukiacha moja kati ya hayo matatu, umeshabadilisha neno.

“Ilichelewesha” inataja matokeo bila chanzo. Bodi yaweza kuchelewa kwa kukosa fedha ilhali uamuzi ulipitishwa zamani. Hapo Kiingereza kitasema “delayed”. Na yule anayejua la kufanya akaliweka kesho, kisha keshokutwa, huyo ana “procrastinate”. Anaye-“dither” hajafika hata kwenye kuamua, kwa hiyo hana cha kuahirisha.

Danadana ndiyo ya hatari zaidi. Mpiga danadana anajua anachofanya: mpira uko mguuni kwake, anayehangaika ni yule anayeusubiri. Kuna hila. “Dither” haina hila, ina udhaifu. Ukiandika danadana umeishtaki bodi kwa nia mbaya, shtaka ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulitoa. Kwenye habari, kosa hilo halibaki kuwa la lugha tu.

Mimi ningeandika: “Bodi ilikaa ikisitasita juu ya matengenezo ya tuta mpaka mvua zikaikuta.”

Tazama vitu viwili. “Ilikaa ikisitasita”: uradidi wa kitenzi, yaani kukirudia shina lake (sita-sita), unaleta kule kurudiarudia, na “kaa” pamoja na -ki- vinaleta muda. Kisha “zikaikuta” badala ya “zikaingia”. Mvua huingia kwa kila mtu, lakini humkuta asiyejiandaa. Lawama yote nimeiweka hapo, kwenye kitenzi cha mvua, bila kuongeza neno kama “uzembe”, ambalo lingezidisha.

Kuhusu kulitumia kwa Kiingereza:

“Dither over” au “dither about” na nomino baada yake: “dither over the price”. Kukiwa na kishazi: “dither over whether to sell”. Kukiwa na machaguo mawili: “dither between the two”. Usiandike “dither to sign”. Kosa hili linatokana na kufuata “hesitate to sign”, ambayo ni sahihi. Wala usiandike “dither the decision”, kwa sababu kwa maana hii kitenzi hakichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa.

Tahajia: “dithered”, “dithering”, herufi r moja tu, kwa kuwa mkazo uko silabi ya kwanza. (“Preferred” ina mbili kwa sababu mkazo uko ya pili.) Matamshi tunayo bila tabu: hiyo “th” ni dh ya dhahabu, si th ya thelathini. Mtu anayeitamka “ditha” kwa th ya thelathini anakosea kitu ambacho lugha yake imeshamfundisha.

Nomino yake ni ya kuangaliwa. “In a dither” mara nyingi si kutoamua. Ni kubabaika, kuhaha, mtu hajui ashike lipi aache lipi kwa sababu wageni wako mlangoni na chakula bado kiko jikoni. Wamarekani hasa huitumia hivyo. Ukikuta “a” au “in a” mbele yake, simamisha “kusitasita” kwanza usome sentensi nzima.

---

Shamte_wa_Bandarini

Nakubaliana na Mwalimu kwa rasimu ya bodi. Lakini tusilifanye “sitasita” kuwa jibu la kila mahali, Kiswahili kina maneno yaliyo karibu zaidi na mtu mmoja mmoja.

Mtu akiwa peke yake anageuza jambo kichwani, tunasema anajishauri. “She dithered over which dress to wear” ni “alijishauri sana avae gauni lipi”. Kuandika “alisitasita kuhusu gauni la kuvaa” ni Kiswahili cha karatasi. Vilevile kutia na kutoa: “alitia akatoa, akatia akatoa, duka likafungwa.” Hapo una kurudiarudia, una muda, na lawama imo kwa upole.

Ile niende nisiende nayo tusiisahau. Kiingereza kina “shilly-shally”, ambalo asili yake ni mtu anayejiuliza “shall I? shall I?”. Liliandikwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1700, “shill I, shall I”, mpaka likagandamana kuwa neno moja. Ni umbo lile lile la kwetu: sauti ya mtu anayejiuliza imegeuzwa jina la tabia. Kwa hiyo “stop shilly-shallying” ni “acha niende nisiende zako”. Huhitaji kutafuta zaidi.

Onyo moja kuhusu kusuasua, maana naliona linatupwa kila mahali. Mradi unasuasua, uchumi unasuasua, injini inasuasua. Ni mwendo wa kitu kisichoshika kasi. “Dither” haikubali mada (kiima, yaani mtenda wa sentensi) ya namna hiyo. Kwa Kiingereza mradi hau-“dither”. Wenye mradi ndio wana-“dither”, na mradi ndio unaosuasua kwa sababu yao. Ukikuta mtu ni mada, weka kusitasita au kujishauri. Ukitaka kugeuza sentensi ili mradi uwe mada, kusuasua kunaruhusiwa, lakini hapo umemficha mwenye kosa. Fanya hivyo ukijua.

---

Nukta_kwa_Nukta

Nijibu la kitufe, maana ndilo linaloharibiwa zaidi kwenye tafsiri za programu.

Kwa asili ni neno moja. Kabla “dither” halijapata maana ya kutoamua, maana iliyoenea karne ya 20, lilikuwa kutetemeka, na kaskazini mwa Uingereza bado mtu ana-“dither” kwa baridi. Maana ya kiufundi imeshika tawi la kutetemeka: ni vurugu ndogo inayotiwa kwa makusudi ili kosa kubwa lisionekane. Kutoamua hakumo kabisa.

Kinachofanyika ni hiki. Chukua picha ya kijivu. Kila pikseli, yaani kila kipande kidogo kabisa cha picha, ina namba, 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe. Printa ina wino mweusi tu: ama inaweka nukta, ama inaacha karatasi. Bila “dithering”, kila kilicho chini ya 128 kinakuwa cheusi na kilichobaki cheupe, na uso wa mtu unageuka mabaka mawili.

Njia inayojulikana zaidi ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg, iliyochapishwa mwaka 1976. Pikseli yenye 100 iko chini ya 128, kwa hiyo inakuwa 0. Lakini ile 100 iliyopotea haitupwi, inagawiwa majirani ambao bado hawajafikiwa: wa kulia anapata 7/16, yaani 43.75, wa chini kushoto 3/16, yaani 18.75, wa chini moja kwa moja 5/16, yaani 31.25, wa chini kulia 1/16, yaani 6.25. Jumla 100. Sasa jirani wa kulia, kama naye alikuwa 100, amefika 143.75. Amevuka kizingiti, anakuwa 255, na deni lake ni hasi 111.25, ambalo naye analigawa vivyo hivyo. Matokeo yake nukta nyeusi na nyeupe zinapokezana, na jicho likiwa mbali kidogo linaona kijivu.

Ndiyo maana chaguo hili hutokea pia unapohifadhi picha kama GIF, ambayo haibebi zaidi ya rangi 256.

Yanayoharibika: ukibadili ukubwa wa picha baada ya hatua hii, nukta zinagongana na michirizi inajitokeza. Punguza ukubwa kwanza, hatua hii iwe ya mwisho. Na usiihifadhi kama JPEG. Mbano wa JPEG haupatani na nukta kali, faili inavimba na nukta zinapakaa. PNG au GIF.

Kuhusu jina la kitufe: usiandike “Ulainishaji”. Kwenye menyu hizo hizo kuna kitu kingine kinacholainisha kingo, na mtumiaji atabonyeza kisicho chake. “Mtawanyo wa nukta” inaeleza kinachofanyika na inakaa kwenye kitufe. Kwenye programu ya sauti jina hilo halifai kwa kuwa hakuna nukta. Huko, sauti inaposhushwa kutoka biti 24 kwenda biti 16 za CD, inatiwa kelele hafifu sana kabla ya kukata, mara moja tu, mwishoni kabisa. Andika “Kelele hafifu ya kusawazisha”. Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Namna ya kutambua bila kuona picha: tazama yambwa. Mwalimu amesema mtu ha-“dither” kitu. Ukikuta “dither the image”, au “dithered” imekaa kama kivumishi mbele ya “image” au “audio”, uko kwenye ufundi.

---

Kalamu_Nyeusi

Shukrani sana, wakuu. Kipimo cha yambwa nimekichukua. Niongeze moja: kwenye makala hiyo hiyo, baadaye kuna “vacillated” na “wavered” kuhusu mwenyekiti wa bodi, na mwisho “an indecisive vote”. Vyote niliweka “kusitasita”. Nimekosea?

---

Mwalimu_wa_Sarufi

Viwili vya kwanza umevikaribia. Cha tatu umekosea kabisa, tukianze hicho.

“Indecisive” ina maana mbili. Mtu “indecisive” ni mwenye tabia ya kutokata shauri. Lakini kura, vita au mchezo “indecisive” ni ambao haukutoa mshindi. Kura haisitisiti. Andika “kura isiyotoa mshindi”, au “kura haikumaliza ubishi” kama mtindo unaruhusu. Na usiichanganye na “undecided”: mpiga kura “undecided” ni ambaye bado hajaamua, leo. Kesho akiamua, imekwisha. Haimhusu tabia. Kumwita “asiye na msimamo” ni kumtukana bure.

“Vacillate” ina pande mbili zinazojulikana, na mtu anakwenda huku anarudi kule. Neno la Kilatini nyuma yake ni kuyumba, kama chombo majini, na sisi tunalo hilo hilo: “Mwenyekiti alikuwa akiyumbayumba kati ya kukarabati tuta na kujenga jipya.” Taja pande zote mbili, la sivyo kitenzi kinaning’inia. Ni rasmi kuliko “dither” na kina lawama kidogo. Tahajia yake inasumbua wengi: c moja, l mbili, na c inatamkwa s.

“Waver” ni mtu aliyekuwa imara ambaye sasa anaanza kulegea. Sharti la kutangulia ni ule uimara. “Her voice wavered”: sauti ilikuwa sawa, ikatetereka. Kwa mwenyekiti: “msimamo wake ulianza kutetereka” au “alianza kulegeza msimamo”. “Unwavering” basi ni “usiotetereka”, na inakubalika vizuri. Angalieni pia “waiver”. Yanatamkwa sawa, “weiva”, lakini hili la pili ni la kisheria, kuondolewa sharti au kusamehewa ada. Nimeona “fee waver” kwenye fomu nyingi, ada haitetereki.

Mawili ya kuepuka kwa haraka: “ambivalent” si “sijali”. Ni mtu anayejali pande zote mbili kwa nguvu, anapenda na anachukia kitu hicho hicho. Na “equivocate” haimo kwenye kundi hili kabisa ingawa kamusi ndogo huliweka humo. Anaye-“equivocate” ameshaamua, anasema kwa maneno yenye maana mbili ili asishikwe. Huyo ndiye wa kupiga chenga.

---

Dawati_la_Habari

Nisisitize jambo la lawama, kwa sababu wafasiri wa habari wanaumia hapo.

Oktoba 2009 Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani mpaka Januari mwaka huo, alimshutumu Barack Obama kwa “dithering” juu ya suala la askari zaidi wa Afghanistan. Ikulu ilikuwa ikipitia upya mkakati wake wa vita. Tarehe 1 Desemba Obama akatangaza kupeleka askari 30,000 zaidi. Sasa ile miezi katikati ilikuwa nini? Kwa Cheney, kusitasita. Kwa upande wa Obama, kutafakari na kushauriana. Mambo yaliyofanyika ni yale yale, vikao vile vile. Kitenzi ndicho kilichobeba hukumu.

Kwa hiyo ukifasiri, mweke mwenye neno lake: “Cheney alimshutumu Obama kuwa anasitasita.” Ukiandika “Obama alisitasita”, gazeti lako ndilo limehukumu. Nimeona kosa hili likipita mikononi mwa wahariri wazuri, kwa sababu sentensi fupi inavutia.

Uingereza wana fungu lililozoeleka bungeni na magazetini, “dither and delay”, linalochezea herufi ya mwanzo. Kwa bahati hatulazimiki kupoteza mchezo huo: “kusitasita na kusuasua”. Hapa, Ndugu Shamte, nadhani kusuasua kunaruhusiwa, kwa kuwa “delay” ndiyo inayobebwa.

---

Shamte_wa_Bandarini

Kunaruhusiwa, na kunapendeza.

Niongeze chanzo kimoja ambacho wasomaji wengi wanakijua bila kukitafuta. Kwenye Biblia ya Union, 1 Wafalme 18:21, Eliya anawauliza watu: “Mtasita-sita katikati ya mawazo mawili hata lini?” Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 ina “How long halt ye between two opinions?” Msomaji wa leo anadhani “halt” ni kusimama. Zamani hizo lilikuwa pia kuchechemea, na kitenzi cha Kiebrania ni cha kuchechemea: mguu huku, mguu kule. Toleo la Kiingereza la siku hizi, NIV, limeweka “waver”. Kwa kipimo cha Mwalimu, “waver” ingehitaji watu waliokuwa imara kwanza, na mstari wenyewe hausemi hivyo. Wafasiri wa Kiswahili walipochagua “sita-sita” walipata ile kurudiarudia ya hatua, na kwa maoni yangu wamekaribia kuliko NIV.

Chechemeo hilo bado limo katika “halting”. “Halting English” ni Kiingereza cha kukwamakwama, hakijasimama.

Kuhusu methali: msiweke “njia mbili zilimshinda fisi” mahali pa “dither”. Fisi hakuogopa kuchagua, alizitaka zote mbili. Inafaa “vacillate” kama pande zote zina kitu cha kutamanisha. Kwa bodi ya tuta la bwawa haifai. Hakuna aliyekuwa akitamani.

---

Kalamu_Nyeusi

Basi nimeandika upya. Naomba jicho la mwisho:

“Bodi ilikaa ikisitasita juu ya matengenezo ya tuta mpaka mvua zikaikuta. Mwenyekiti aliyumbayumba kati ya kulikarabati na kujenga jipya. Mara mbili alitangaza kwamba wataanza, kisha msimamo wake ukatetereka. Kura ya mwisho haikutoa mshindi.”

Na kitufe: “Mtawanyo wa nukta: Washa / Zima”.

---

Mwalimu_wa_Sarufi

Vizuri. Badilisha kimoja: “aliyumbayumba” iwe “alikuwa akiyumbayumba”, ili ilingane na “ilikaa ikisitasita”. Vitenzi hivi vinapenda wakati unaoendelea hata kwa Kiingereza. Ndiyo maana “dithering” utaikuta mara nyingi kuliko “dithered”.

---

Nukta_kwa_Nukta

Kitufe kiko sawa. Ila angalia kama programu ina orodha ya njia chini yake. Jina “Floyd-Steinberg” liache lilivyo, ni majina ya watu. Kukiwa na “None”, andika “Bila mtawanyo”, usiandike “Hakuna”, kwa sababu mtumiaji atadhani programu yake haina uwezo huo.